Kukagua Rafu za Duka: Namna ya Kutambua Vyakula Visivyo na Kitu cha Mnyama

Duka la kawaida la mtaani, lile lenye magunia ya mchele mlangoni na miche ya sabuni juu ya kaunta, limejaa vyakula visivyo na kitu cha mnyama. Hakuna aliyeviandika hivyo. Mbaazi, unga wa dona, karanga, tambi, hamira, siki na mafuta ya alizeti vimewekwa pale kwa sababu vinanunulika, basi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuvitambua bila kubahatisha, na bila kulipia bei ya rafu ya vyakula maalumu.

Unamfaa anayeacha vitu vya mnyama kwa imani, kwa mfungo, kwa afya au kwa kuwahurumia wanyama, na pia anayempikia mgeni wa namna hiyo. Mwenye mzio wa maziwa au mayai atatumia hatua hizi hizi kwa kipimo kikali zaidi, kilichoelezwa katika Hatua ya 1. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa kuwa kila moja inategemea iliyotangulia.

Istilahi

*Bidhaa ya mimea tupu* ni chakula kisicho na nyama, samaki, dagaa, maziwa, mayai, asali, wala kitu chochote kilichotolewa humo. Kuvu na hamira havitoki kwa mnyama, hivyo vinaruhusiwa. Waingereza huita ulaji huu *vegan*, jina lililobuniwa mwaka 1944 Donald Watson na wenzake walipoanzisha Vegan Society. Chakula chenyewe ni cha zamani kuliko jina: mbaazi za nazi hazikuwahi kungoja chama.

*Kiambato* ni kila kitu kilichotiwa katika bidhaa. *Orodha ya viambato* ni sehemu ya lebo inayovitaja vyote. *Onyo la mzio* ni sentensi inayotaja vitu vinavyodhuru wenye mzio. Mara nyingi huwa chini ya orodha ya viambato, kwa herufi nzito. *Namba ya kiongezi* ni tarakimu zinazowakilisha rangi, kigandisho au kitu kingine cha kiwandani. Utaziona zikitanguliwa na E au na INS. Tarakimu ni zilezile: E471 na INS 471 ni kitu kimoja.

Vifaa

Daftari 1 dogo, kalamu 1, na simu yenye kamera. Kamera ni ya kukuza maandishi madogo, na lebo nyingi huihitaji. Tenga dakika 60 kwa ukaguzi wa kwanza, na nenda saa ambazo duka halina msongamano; muuzaji mwenye foleni hajibu maswali vizuri.

Hatua ya 1. Andika kipimo chako kabla ya kutoka nyumbani

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari, jibu maswali mawili kwa NDIYO au HAPANA.

(a) Je, nitakubali bidhaa yenye onyo la "huenda ina chembe za maziwa"? Onyo hili halisemi kwamba maziwa ni kiambato. Linasema mashine au jengo hilohilo hutengeneza pia bidhaa zenye maziwa. Wengi wanaofuata mimea tupu huikubali. Mwenye mzio aandike HAPANA, asibadilishe.

(b) Je, nitakubali kiambato ambacho mzalishaji hataki au hawezi kueleza asili yake? Jibu unalotaka, ila liandike. Ukiliacha kichwani litabadilika utakapofika mbele ya biskuti.

Thibitisha: ukurasa una majibu mawili, wala hakuna "labda".

Hatua ya 2. Gawa ukurasa wa pili katika safu tatu

Ziite NDIYO, HAPANA na ULIZA. Kila bidhaa utakayoishika itaingia katika safu moja tu. Andika jina la bidhaa, jina la mtengenezaji na nchi ilikotengenezwa. Nchi ni lazima, kwa sababu biskuti ya jina moja na pakiti moja inaweza kuwa na viambato tofauti ikitengenezwa katika viwanda viwili.

Hatua ya 3. Orodhesha kwanza vyakula vya kiambato kimoja

Anzia kwenye magunia na makopo ya chini, si kwenye rafu za pakiti zenye picha. Mchele, maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, njugu mawe, karanga mbichi, ufuta, nazi, chumvi, sukari, majani ya chai, kahawa, na viungo vizima kama bizari, iliki na mdalasini vyote ni kiambato kimoja. Viweke NDIYO. Mafuta ya alizeti, ya pamba, ya mawese na ya ufuta nayo ni NDIYO. Samli ni mafuta ya maziwa: HAPANA. Mafuta mazito ya kopo yanayofanana na samli mara nyingi hutokana na mimea, lakini kopo hilo lina lebo, kwa hiyo lisubiri Hatua ya 5.

Kopo la njegere au la mahindi matamu huwa na mboga, maji, chumvi na pengine sukari. Kopo la maharage katika mchuzi wa nyanya liangalie vizuri, kwa kuwa mengine hutiwa nyama ya nguruwe.

Thibitisha: usiendelee kabla safu ya NDIYO haijafika bidhaa 15. Zikipungua, hujamaliza magunia.

Hatua ya 4. Tenganisha unga wa nafaka na unga wa lishe

Dona, sembe, unga wa ngano, wa mtama, wa ulezi na wa muhogo ni NDIYO. Unga wa viwanda vikubwa huongezwa virutubishi. Viwango vya Afrika Mashariki vya unga wa ngano na wa mahindi ulioongezwa virutubishi vinataja madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. B12 inayotumika viwandani hutengenezwa na bakteria, hivyo haiharibu hesabu yako. Andika alama ya nyota mbele ya unga wa aina hiyo. Utaihitaji katika Hatua ya 10.

Unga wa lishe ni jambo jingine. Ule wa uji wa watoto huwa na mahindi, ulezi, soya na karanga, lakini watengenezaji wengine husagia dagaa ndani yake, na wengine huongeza maziwa ya unga. Mara nyingi hufungwa na wajasiriamali wadogo, na lebo huandika "nafaka mchanganyiko" kisha ikanyamaza. Uweke ULIZA, hata kama pakiti ina picha ya mahindi peke yake.

Hatua ya 5. Geuza pakiti na usome orodha ya viambato mara mbili

Upande wa mbele wa pakiti ni tangazo. Unachotafuta kiko nyuma.

Soma mara ya kwanza kutoka juu hadi chini bila kusimama. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na kitu cha mnyama mara nyingi hukaa mkiani. Anayesoma vitu vitatu vya mwanzo na kurudisha pakiti hajasoma lebo.

Soma mara ya pili ukitafuta maneno maalumu. Lebo nyingi za madukani kwetu ni za Kiingereza, kwa hiyo yanakili haya katika daftari kama yalivyo:

Maziwa: *milk, milk solids, whey, casein, caseinate, lactose, butter, butterfat, ghee, cream*.
Mayai: *egg, albumen*.
Nyama na samaki: *gelatin, lard, tallow, chicken fat, beef extract, anchovy, fish sauce*.
Wadudu: *honey, beeswax, carmine, cochineal, shellac*.

Neno moja likipatikana, bidhaa ni HAPANA. Usijadiliane nalo kwa kuwa ni kidogo.

Nakili pia maneno manne yanayotisha bure. *Cocoa butter* ni mafuta ya mbegu ya kakao. *Coconut milk* ni tui. *Cream of tartar* hutokana na zabibu. *Lactic acid* kwa kawaida huchachushwa kutokana na sukari ya mimea. Kwa maneno haya manne peke yake, bidhaa haiondolewi.

Thibitisha: funika lebo kwa kidole, taja kiambato cha mwisho. Ukishindwa, hukufika mwisho.

Hatua ya 6. Chuja namba za viongezi

Nyingi hazina shida. Zinazokuhusu zinaenea katika nusu ukurasa.

HAPANA moja kwa moja: 120 (rangi nyekundu ya wadudu), 441 (jelatini), 542 (fosfati ya mifupa), 901 (nta ya nyuki), 904 (utomvu wa wadudu unaong'arisha pipi), 913 (mafuta ya sufu ya kondoo), 1105 (kimeng'enya cha ute wa yai).

ULIZA: 422, 470, 471, 472, 481, 570, 631, 635 na 920. Hizi zinaweza kutoka kwa mmea au kwa mnyama, na tarakimu haisemi. Namba 471 ndiyo utakayokutana nayo zaidi, katika mkate, majarini na aiskrimu. Lebo ikiongeza kwamba imetokana na mimea, hamisha bidhaa kwenda NDIYO. Namba 322, lesithini, kwa kawaida hutoka kwenye soya na lebo husema hivyo. Isiposema, ni ULIZA.

Hatua ya 7. Linganisha na onyo la mzio, kisha alama za mbele

Onyo la mzio ni kipimo kizuri cha maziwa, mayai na samaki. Likitaja kwamba bidhaa *ina* maziwa ilhali wewe hukuyaona katika orodha, rudi Hatua ya 5. Kuna neno lilikupita.

Angalia mtego huu: nyama, jelatini ya ng'ombe na asali kwa kawaida havimo katika vitu vinavyotakiwa kutajwa kama vizio. Kwa hiyo onyo lililonyamaza halithibitishi kuwa bidhaa ni ya mimea tupu. Linathibitisha kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Sasa tazama alama. Bidhaa nyingi zinazotoka India, na maduka ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi yanazo tele, zina kitone cha kijani ndani ya mraba wa kijani. Maana yake ni kwamba hakuna nyama, samaki wala yai. Maziwa na asali vinaruhusiwa chini ya kitone hicho, kwa hiyo si uthibitisho wako. Alama ya halali nayo inajibu swali tofauti kabisa. Jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kwa sheria ni halali na bado ni ng'ombe. Alama ya ua la alizeti ya Vegan Society, iliyoanza kutumika mwaka 1990, ndiyo inayolingana na istilahi yetu, lakini katika maduka ya kawaida ni adimu. Ukiingoja hiyo utakufa njaa mbele ya gunia la choroko.

Hatua ya 8. Pima bidhaa zenye mtego, moja baada ya nyingine

Hapa ndipo dakika zako nyingi zitaishia, na ni sawa.

Tui. Nazi nzima ni NDIYO. Tui la kopo au la boksi kwa kawaida ni nazi, maji na kigandisho. Tui la unga ndilo lenye hila: mengi yametiwa *sodium caseinate*, protini ya maziwa, ili yachanganyike vizuri na maji. Mtu anaacha maziwa, anakimbilia nazi, na maziwa yanamfuata ndani ya pakiti yenye picha ya mnazi. Unga mweupe wa kutia kwenye kahawa unaojiita *non-dairy* mara nyingi una kitu hichohicho.

Mkate. Unga, maji, hamira, chumvi, sukari na mafuta ni NDIYO. Tafuta maziwa ya unga, *whey*, namba 471 na 920. Mkate wa maziwa unajitaja wenyewe. Mkate wa kawaida wa kiwanda kimoja unaweza kuwa NDIYO na wa jirani yake HAPANA, kwa bei ileile.

Tambi. Tambi kavu ndefu nyingi ni ngano na maji. Zinazoandikwa *egg noodles* ni HAPANA. Tambi za kuiva kwa dakika mbili zikague mara mbili: kibonge cha tambi, kisha kipakiti cha viungo, kwa kuwa unga wa kuku hukaa katika kipakiti. Viambato vya sehemu hizo mbili huandikwa kando kando.

Kiungo cha mchuzi, cha mche au cha unga. "Ladha ya kuku" inaweza kuwa kuku kweli au harufu ya maabara. Tafuta *chicken fat*, *chicken powder*, *beef extract*, na namba 631 na 635.

Majarini. Usiamini neno "mimea" upande wa mbele. Tafuta *whey* na *milk solids*. Tazama pia vitamini D: D3 mara nyingi hutengenezwa kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, D2 hutokana na kuvu au hamira. Ikiandikwa "vitamini D" bila tarakimu, ni ULIZA. Kanuni hiyohiyo inahusu nafaka za kiamshakinywa za boksi.

Kripsi za viazi na za ndizi. Zenye chumvi tu ni NDIYO. Zenye ladha ya jibini au krimu ni HAPANA, na hata ladha ya siki au nyama choma inaweza kubeba *whey* au *lactose*.

Siagi ya karanga: NDIYO, isipokuwa ikitiwa asali. Sosi ya nyanya, sosi ya soya, siki na achari ya embe kwa kawaida hupita. Mayonesi ya kawaida ina mayai. Mchuzi wa Worcestershire wa asili una samaki, na hilo huwashangaza wengi.

Biskuti za glukosi nyingi zina maziwa ya unga. Chokoleti nyeusi si salama kwa weusi wake. Tafuta *milk fat*. Pipi laini zinazovutika mara nyingi zina jelatini, nyekundu zinaweza kuwa na namba 120, zinazong'aa zinaweza kuwa na 904. Kashata za karanga na sukari hukuepushia kazi yote hii.

Hatua ya 9. Uliza kuhusu chakula kisicho na lebo, kwa swali lililo wazi

Mandazi, chapati, vitumbua, mahamri na bhajia havina orodha nyuma. Usiulize, "Hayana maziwa, eti?" Swali hilo limeshabeba jibu, na mtu anayetaka kuuza atakubaliana nawe. Uliza maswali mawili, kwa mpangilio huu:

"Shikamoo mama. Mandazi haya umeyakandia nini?"

Mwache ataje vyote. Kisha: "Na mafuta ya kukaangia ni gani, na umekaangia nini kingine?"

Swali la pili ni muhimu kwa chipsi na bhajia, kwani mafuta hayohayo huenda yalikaanga kuku au samaki. Jibu lake linahukumiwa na kipimo chako cha Hatua ya 1(a). Bhajia za dengu kwa kawaida ni unga wa dengu, maji, kitunguu na viungo. Mahamri hukandwa kwa tui, ila wapo wanaotia maziwa au yai. Halua ya Zanzibar hupikwa kwa samli: HAPANA.

Kwa bidhaa za pakiti zilizobaki ULIZA, tafuta namba ya simu ya mtengenezaji kwenye lebo. Swali ni hili: "Namba 471 katika mkate wenu imetokana na mmea au mnyama?" Taja namba na bidhaa. Andika jibu na tarehe. Asipojibu baada ya kuulizwa mara mbili, fuata kipimo chako cha Hatua ya 1(b).

Hatua ya 10. Jaza kikapu cha wiki na uhakiki virutubishi

Kikapu cha mtu mzima mmoja kwa siku 7, kutoka safu ya NDIYO peke yake:

mchele kilo 1;
dona kilo 1.5;
maharage makavu gramu 500;
choroko au dengu gramu 250;
karanga gramu 250;
mafuta ya alizeti mililita 200;
nazi 2;
mchicha, matembele au kisamvu, mafungu 7;
nyanya, vitunguu, na matunda ya msimu.

Uhakiki wa kwanza ni protini. Nafaka, kunde na karanga za kikapu hiki hutoa takriban gramu 60 kwa siku. Shirika la Afya Duniani hukadiria gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani gramu 50 kwa mtu mzima wa kilo 60. Kikapu kinatosha. Wanaosema mtu wa maharage atapungukiwa na protini hawajapiga hesabu.

Uhakiki wa pili ni vitamini B12, na hapa siwezi kuwa mpole. Mimea haitengenezi B12 ya kutegemewa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Chukua unga uliouwekea nyota katika Hatua ya 4 na usome kiasi cha B12 kwa kila gramu 100. Kizidishe kwa gramu unazokula kwa siku, kisha gawanya kwa 100. Ikiwa jibu ni chini ya 2.4, au lebo haitaji kiasi, nunua vidonge vya B12 kwenye duka la dawa na ufuate kipimo utakachoelekezwa. Mjamzito, anayenyonyesha, na mzazi anayetaka kumlisha mtoto mimea tupu wamwone mtaalamu wa lishe kabla ya kuanza, si baada ya mwezi.

Hatua ya 11. Rudia ukaguzi kila pakiti inapobadilika

Watengenezaji hubadilisha viambato bila kupiga mbiu. Ukiona rangi mpya ya pakiti, ujazo mpya, maneno "ladha iliyoboreshwa" au nchi tofauti ya kiwanda, futa bidhaa hiyo katika daftari na uirudishe Hatua ya 5. Hata kama hakuna kilichobadilika, zisome upya bidhaa zote za pakiti kila baada ya miezi 3. Mchele, maharage na choroko havihitaji kusomwa tena. Hivyo vichambue mawe tu.